Kupunguza Vitu Nyumbani Kabla Mvua Hazijaanza

Mwishoni mwa Septemba mwaka juzi mama yangu aliniomba nimtolee sanduku la bati lililokuwa uvunguni mwa kitanda chake, nyumbani kwetu Mikindani mkoani Mtwara, kwa kuwa alitaka kanga za kumpelekea mpwa wake aliyekuwa amejifungua. Ndani yake mlikuwa na doti kumi na nne, zote mpya, hazijakatwa wala kupindwa, nyingine alizipata kwenye harusi ambazo maharusi wake leo wana wajukuu. Nilipokunjua ya kwanza na kuikung'uta, ilichanika kwenye mkunjo kwa mstari ulionyooka kana kwamba imepitishwa mkasi. Ya pili ilikuwa na doa jeusi la kuvu lililopenya tabaka zote, kiasi kwamba kitambaa kilipofunguliwa doa hilo moja lilijirudia mara nane. Katika doti kumi na nne tulipata tano za kumpa mtu bila aibu. Mama aliketi kwenye kigoda, akazitazama, akasema, "Mwanangu, hizi nilikuwa nawawekea nyinyi."

Wahenga wanasema akiba haiozi. Sina ugomvi nao, lakini nadhani hawakuwa na maana ya sanduku lililowekwa sakafuni katika nyumba ambayo usiku unasikia bahari ikivuma. Hewa ya pwani huja na chumvi na unyevu, na kile ambacho kuvu imekibakiza humaliziwa na kutu, mchwa, mende na panya. Kwa hiyo anayetaka kupunguza vitu katika nyumba za Mtwara na Lindi ajiulize kwanza kama kitu alichokishika, siku kitakapohitajika, kitakuwa bado kizima. Akiona hakitafika, basi kitoke sasa, kingali na manufaa kwa mtu mwingine.

Wakati na mahali pa kuanzia

Mvua zetu za kusini ni za msimu mmoja, zinazoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi inayofaa kwa kazi hii, kwa hiyo, ni Agosti, Septemba na Oktoba, wakati ambapo jua linakausha, upepo wa kusi bado unapita, na kitu unaweza kukiacha uani kutwa nzima bila kutazama mawingu. Ipo pia sababu ya mfukoni: minada ya korosho hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na kila mtu wa huku anajua kwamba fedha za korosho zikiingia, godoro jipya na kabati jipya huingia nalo la zamani likiwa bado limesimama palepale. Afadhali cha zamani kiwe kimetoka kabla ya malipo.

Anza na uvungu wa kitanda chako mwenyewe. Nasema chako mwenyewe kwa makusudi, kwa sababu kazi hii ikianzia kwenye vitu vya mume, mke, mama mkwe au mtoto aliyeko bweni, itageuka ugomvi kabla ya saa nne asubuhi. Tandika turubai au jamvi uani, kisha toa kila kitu hadi uione sakafu yote. Usichambue ukiwa umeinama na tochi mdomoni, kwani gizani kila kitu huonekana cha maana. Ni kikiwekwa juani ndipo unapoona kwamba begi lile halina zipu na viatu vile vimeachana na soli. Vaa viatu vinavyofunika vidole, na maboksi yaliyokaa sakafuni muda mrefu uyasogeze kwanza kwa fimbo, kwa kuwa nge hupenda mahali pa namna hiyo. Fanya sehemu moja kwa siku moja: leo uvungu, Jumamosi ijayo kabati la nguo, wiki inayofuata stoo. Nimewaona watu walioitoa nyumba nzima asubuhi moja, jioni ikawakuta wamechoka, wakarudisha vyote ndani kama vilivyokuwa.

Kila kitu kikiwa kwenye turubai, jiulize mambo mawili juu yake: ni cha nani, na mara ya mwisho kilitumika lini. Vinavyobaki viende upande mmoja, vya kumpa mtu upande mwingine, vya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pembeni, na taka zikae kwenye kiroba chake. Kutakuwa na vitu ambavyo moyo unakataa kuamua. Hivyo vitie kwenye mfuko, ufunge, uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, uuweke mahali pakavu hadi Shaabani, mwezi ambao nyumba nyingi za pwani husafishwa kuipokea Ramadhani, au hadi Pasaka kwa mwenye kuhesabu hivyo. Mfuko ambao haujafunguliwa mpaka siku hiyo umekwisha kujibu.

Vitu vyenye wenyewe

Swali la mwenyewe ndilo zito. Nyumba nyingi za huku kwetu zimekuwa ghala la ndugu waliohamia Dar es Salaam: kuna friji la mjomba, masanduku ya dada aliyeolewa, baiskeli ya binamu ambaye alisema anarudi baada ya wiki mbili. Kitu cha amana hakiuzwi wala hakigawiwi bila mwenyewe kujua, hata kama kimekuudhi miaka kumi. Lakini amana nayo ina mwisho, na mwisho huo ni lazima autaje mtu, kwa adabu na kwa tarehe. Piga picha ya kitu kilivyo sasa, itume, kisha useme utakachofanya. Mimi nilimwandikia mjomba wangu hivi: "Shikamoo mjomba. Friji lako na magodoro mawili bado yapo, ila friji limeshika kutu chini na panya wamezaa kwenye godoro moja. Naomba hadi tarehe 15 mwezi wa kumi uwe umepata mtu wa kuvichukua. Ukiona havifai tena, niruhusu nivitoe, na fedha ya friji nitakutumia kwa simu." Alijibu siku hiyohiyo kwamba alidhani friji hilo tulikwisha kuliuza zamani.

Vitu vya marehemu vina utaratibu wake, na haraka hapa ni kosa. Kwa familia nyingi mazungumzo hufanyika siku ya arobaini, wengine husubiri mjane amalize eda yake ya miezi minne na siku kumi. Nguo, saa, redio na zana za kazi vyote ni sehemu ya mali aliyoacha, hata kama vinaonekana vidogo, na haviguswi kabla warithi hawajakubaliana au msimamizi wa mirathi hajapatikana. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ukoo wao kwa desturi huhesabiwa upande wa mama, mjomba asiyearifiwa anaweza kuja baadaye kuuliza koti liko wapi, na atakuwa na haki ya kuuliza. Ruhusa ikishapatikana, gawa nguo mapema. Shati la marehemu linalovaliwa na mpwa wake linamkumbusha kila mtu. Lililoning'inia nyuma ya mlango miaka saba huwakumbusha nondo tu.

Iwapo nyumba yenu ni ya zamani na ina mlango wa nakshi, kama iliyopo Mikindani na katika miji mingine ya pwani, usimkubalie mnunuzi wa kupita anayetaka kuung'oa kwa bei ya mbao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahusu pia milango ya namna hiyo, na ni vyema kuuliza kwanza wahusika wa mambo ya kale.

Kabati la vyombo

Hapa ndipo kazi hukwama, na nitakawia kidogo. Mwanamke wa kusini hanunui sahani za kulia watu wa nyumbani mwake peke yao. Hununua za harusi, za unyago, za maulidi na za arobaini, na siku yenye shughuli majirani hutazama ni nani ametoa masufuria makubwa na ni nani amekuja mikono mitupu. Heshima hiyo ni ya kweli, na anayewaambia akina mama wagawe vyombo bila kuifikiria hatasikilizwa na mtu. Hata hivyo, tulipohesabu vya mama tulipata sahani 84, glasi 60, hotpoti 11 na masufuria matano ya kupikia pilau la watu mia, katika nyumba inayolaza watu wanne.

Kabla ya kuamua lolote, pindua kila sahani uangalie kitako chake. Akina mama huweka alama ya rangi ya kucha au rangi ya mafuta, nukta mbili nyekundu kwa huyu, msalaba wa buluu kwa yule, ili vyombo visipotee baada ya shughuli. Katika zile sahani 84, sahani 23 hazikuwa za mama. Zilikuwa na alama za nyumba nne za jirani, nyingine zikiwa za mwenyewe aliyekwisha kufariki, na bila shaka za mama nazo zilikuwa zimekaa kwenye makabati ya wenzake. Alizirudisha kwa mikono yake, akiwa amezifunga kwenye kitambaa, na kila alikoingia alitoka na chache zake. Hesabu ilipungua kwa wastani tu, lakini maneno yaliyosemwa barazani siku hiyo yalisafisha zaidi ya kabati.

Baada ya hapo, weka vya matumizi ya kila siku, ongeza vya kutosha wageni wa sikukuu, ukikumbuka kwamba watu wanaokula pamoja kwenye sinia hawahitaji sahani kila mmoja. Dazeni mbili zinazitosha nyumba nyingi. Vinavyozidi, kaeni wanawake wa mtaa mmoja au wa kikundi chenu cha kukopeshana, mviweke pamoja katika nyumba moja yenye chumba kikavu, viandikwe kwenye daftari idadi na aina, na mtu mmoja ashike ufunguo. Mwenye shughuli atavichukua vyote kwa mara moja, na wa nje ya kikundi atavikodi, jambo linalowapatia fedha ya kununulia vilivyovunjika. Wale ambao hawaaminiani kiasi hicho, na wapo, wampe bibi harusi mpya seti kamili angali anaanza maisha. Melamini iliyopasuka na kikaango kilichobanduka utando havipewi mtu. Ukiona haya kumwandalia mgeni chakula ndani yake, usikiite sadaka.

Uani na nyuma ya nyumba

Vitu vya nje huonekana havina madhara kwa kuwa havijazi chumba, kumbe ndivyo vinavyoleta maradhi. Ugonjwa wa chikungunya, unaojulikana leo duniani kote, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, na jina lake limetokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mbu wanaoueneza ni aina ya Aedes, wanaouma mchana na kutaga mayai katika maji machache yaliyotuama karibu na watu. Kifuu kilichoelekea juu, tairi la pikipiki lililoegemezwa ukutani, kopo la rangi na ndoo iliyopasuka nusu vinawatosha kabisa.

Kwa hiyo zunguka nyumba kabla ya mvua ya kwanza ukitafuta kila kinachoweza kubeba maji. Vifuu viende jikoni kuwa kuni. Tairi ambalo hakuna fundi anayelitaka litobolewe matundu chini au lijazwe udongo na kupandwa kitu. Madumu na mapipa mazima msiyatupe, kwa sababu maji ya bomba hukatika na mtu asiye na akiba ya maji atajuta, ila kila pipa liwe na mfuniko unaobana. Rundo la matofali yaliyovunjika na makuti yaliyooza liondolewe mbali na mlango, maana nyoka hujificha humo.

Kwa mwenye mikorosho, stoo huwa pia na mabaki ya shambani, na hayo hayachanganywi na vitu vingine hata kwa siku moja. Chupa ya kiuatilifu iliyokwisha isafishwe kwa maji mara tatu, maji hayo yamiminwe kwenye bomba la kupulizia na kutumika shambani, kisha chupa itobolewe ili asipatikane mtu wa kuitilia mafuta ya taa au maji ya kunywa. Salfa ya unga iliyobaki ihifadhiwe kavu nje ya vyumba vya kulala. Mfuko wake usichomwe jikoni wala uani, kwa kuwa salfa ikishika moto hutoa moshi unaokaba pumzi. Bwana shamba wa kata ndiye wa kuulizwa kuhusu dawa iliyopitwa na wakati, na vidonge vya binadamu vilivyokwisha muda vipelekwe kwenye duka la dawa au zahanati badala ya kutupwa chooni.

Kuuza chuma chakavu na vifaa vya umeme

Wanunuzi wa chuma chakavu hupita mitaani na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Wengi ni watu wema, lakini mwaka mmoja niliwauzia mabati ya zamani, fremu za vitanda na jiko la chuma nikaambiwa vyote ni kilo 31, uzito ambao vijana wawili walioubeba kwa kuhema hawakuuamini wala mimi. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuza, hujaza dumu la lita 20 maji na kumwomba mnunuzi alipime kwanza. Lita 20 za maji ni kilo 20, na dumu lenyewe huongeza takriban kilo moja, kwa hiyo mizani inayosoma 14 itakuwa imejieleza yenyewe mbele ya watu. Tenganisha shaba na alumini na chuma cha kawaida, kwa sababu bei zake hazifanani na vikichanganywa utalipwa kwa bei ya chini. Waya usiuchome ili kupata shaba. Moshi wa plastiki yake ni sumu, na mara nyingi ni watoto wanaouchochea.

Friji bovu ling'olewe mlango siku hiyohiyo linapotolewa nje, kwa kuwa mtoto akijifungia ndani hawezi kutoka, na mabomba yake yasikatwe nyumbani. Televisheni ya chogo isivunjwe, kioo chake kina madini ya risasi. Ikiwa bado inawaka, kuna fundi au kibanda cha chai kinachoitaka. Simu ya zamani itolewe laini na kadi ya kumbukumbu, ifutwe picha na akaunti za fedha, ndipo itolewe. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuiweka juani.

Karatasi

Karatasi hazichukui nafasi kubwa, lakini ndizo zinazopotezwa na watu wenye pupa ya kusafisha. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya vifo na vya shule, hati ya kiwanja, na zaidi ya vyote karatasi ya mauziano ya shamba, vibaki hata kama vimechakaa. Mkorosho huzaa kwa miongo kadhaa, na karatasi inayosema ni wa nani inabidi iishi kuliko aliyeupanda. Stakabadhi za korosho kutoka chama cha msingi cha ushirika zitunzwe hadi malipo yote yaingie na yahakikiwe, na mwenye biashara atunze kumbukumbu zake za kodi kwa miaka 5. Zilizobaki, yaani risiti za umeme za zamani, kadi za mialiko na madaftari ya darasa la tatu, zichomwe au zipewe mwenye kufungia karanga, baada ya kuondolewa zile zenye majina na namba za simu. Ukibakiza za muhimu, zipige picha, zitie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika na uziweke juu, kamwe si sakafuni.

Sehemu iliyokwisha kutolewa vitu hujazwa tena haraka ikiwa inaonekana wazi. Uvungu wa mama sasa una sanduku lilelile la bati, limeinuliwa kwa matofali manne ili hewa ipite chini na mchwa waonekane wakipanda. Doti tano zilizosalimika, mbili zilikwenda kwa yule mpwa aliyejifungua, moja mama anaivaa. Zile tisa zilizoharibika tulizikata, sehemu nzima zikawa vitambaa vya mtoto na zilizooza zikawa matambara ya kupangusia. Mbili zilizobaki hutolewa juani mara mbili kwa mwaka, Septemba na mara tu mvua zinapokatika Mei, na kila zinaporudishwa sandukuni mama huzikunja kwa mikunjo mingine, si ile ya zamani.